Vitabu Vitano katika Mwezi Mmoja

Watu husoma kwa namna nyingi. Yuko asomaye kama mtu apitaye sokoni bila fedha, hutazama kila kitu wala hachukui kitu. Yuko asomaye kama mwenye njaa, humeza bila kutafuna. Tena yuko asomaye kama kadhi, ambaye husikiliza mashahidi wote kwanza, ndipo atoapo hukumu. Msomaji wa namna hii ya tatu ni adimu kuonekana, maana kazi yake ni nzito. Habari hizi ni za mwalimu mmoja kijana wa Mombasa, aliyejaribu kusoma kwa namna hiyo muda wa mwezi mmoja, katika likizo ya Desemba. Mambo aliyoyapata yafaa kujulikana na kila mwanafunzi apendaye vitabu.

Kijana huyu alikaa Kongowea, ng'ambo ya kisiwa, pamoja na bibi yake mzaa mama. Si mbali na nyumba yao upo mnara wa kengele ya Frere Town, na mahali pale hata leo huitwa Kengeleni. Alikuwako jirani yao mzee mmoja, mwalimu aliyestaafu, mwenye sanduku kubwa lililojaa vitabu vya Kiswahili. Vingine vimepoteza majalada, vingine vimeliwa pembeni na mchwa. Shule zilipofungwa kijana alikwenda kwake, akamwamkia kwa heshima, akamwomba amwazime vitabu vya kusoma katika likizo.

Mzee alikubali kumwazima vitano, walakini alitia sharti. Alimpa daftari jipya akamwambia, "Mwanangu, kila ukurasa wa daftari hili upige mstari katikati. Upande wa kuume andika lililokupendeza katika kitabu, na upande wa kushoto andika lililokutia shaka. Usinirudishie kitabu hata kimoja huku upande mmoja ukiwa mtupu. Katika sanduku langu hakimo kitabu kisicho na jema lolote, wala hakimo kitabu kisicho na upungufu."

Kijana aliona kuwa sharti hilo ni jepesi. Baadaye alijua kuwa halikuwa jepesi hata kidogo.

Juma la kwanza alisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani. Kitabu hiki kiliandikwa na Mwingereza aitwaye H. Rider Haggard, nacho kilitolewa mwaka 1885. Mwaka 1929 kilitoka kwa Kiswahili, na aliyekifasiri ni Frederick Johnson, ambaye pia aliongoza kazi ya kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1939. Ni habari za Wazungu watatu waliovuka jangwa kwenda kumtafuta ndugu wa mmoja wao, na kuyatafuta mashimo ya almasi. Karibu wafe kwa kiu, wakafika nchi iliyofichwa na milima, wakaingia vitani, mwisho wakafungiwa pangoni kwenye giza, wakiwa wamezungukwa na mali isiyoweza kuwapa hata tone moja la maji.

Upande wa kuume kijana aliandika mengi. Aliandika kuwa Kiswahili chake huenda kama maji mtoni, wala msomaji hahisi kuwa maneno haya yalizaliwa katika lugha nyingine. Aliandika pia kuwa alipendezwa na mtumishi wao, ambaye watu walimdhania kuwa mpagazi tu, kumbe ndiye mfalme wa haki wa nchi ile. Kwa siku mbili taa yake ilizimwa usiku wa manane.

Upande wa kushoto alikaa kitako muda mrefu kabla ya kuandika. Imo katika kitabu habari ya kupatwa. Wageni wale waliijua siku yenyewe kwa kuwa waliiona katika kalenda waliyokuwa nayo, wakajifanya kuwa wao ndio wenye kuamuru giza, na wenyeji wakatetemeka. Kijana alijiuliza, "Je, watu waliokaa katika nchi ile vizazi na vizazi hawakuona kupatwa hata mara moja? Wazee wao hawakuwa na la kuwasimulia?" Alimweleza bibi yake habari hii, na bibi akacheka. Alisema, "Utotoni kwetu mwezi ulipopatwa tulipiga makopo na masufuria. Tuliogopa, naam, lakini kila mtu alijua kuwa utarudi." Basi kijana akaandika: Mwandishi huyu alijua kutunga hadithi, walakini watu wa nchi ile aliwaona kwa mbali, kama mtu atazamaye pwani akiwa merikebuni.

Kitabu cha pili kilikuwa Hekaya za Abunuwasi, nacho hakukisoma peke yake. Kila jioni watoto wa jirani walikuja barazani, naye akawasomea hekaya moja au mbili. Watu wengi hawajui kuwa Abunuwasi alikuwa mtu wa kweli, mshairi wa Baghdadi katika zama za Harun Rashid, aliyekufa zaidi ya miaka 1,200 iliyopita. Mashairi yake yalibaki kwa Waarabu. Jina lake lilisafiri na mabaharia hata likafika pwani hii, na huku likavikwa visa vingine vingi. Watoto walicheka sana waliposikia habari ya sufuria iliyozaa, na jinsi yule aliyekubali kuwa sufuria imezaa alivyolazimika kukubali kuwa sufuria imekufa.

Upande wa kuume kijana aliandika kuwa hekaya hizi humfundisha mnyonge kuwa akili ni silaha. Upande wa kushoto aliandika neno alilolipata kwa msichana mmoja wa miaka 9. Wenzake walipokuwa wakicheka, msichana huyu aliuliza, "Mwalimu, Abunuwasi akiwadanganya wakubwa ni sawa, kwa kuwa wao wamemwonea. Na akimdanganya maskini mwenziwe, mbona twacheka vilevile?" Kijana hakuwa na jibu, basi aliandika swali lenyewe.

Juma la pili alifungua kitabu kilichomshughulisha kuliko alivyotazamia. Kilikuwa maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wengi humjua kwa jina la Tippu Tip. Mtu huyu alizaliwa Unguja kati ya mwaka 1830 na 1840, akafa huko huko mwaka 1905. Karibu na mwisho wa maisha yake Mdachi mmoja, Heinrich Brode, alimwomba aandike habari zake. Akaziandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode akazigeuza katika herufi za Kirumi, zikachapwa huko Berlin mwaka 1902 na 1903. Kwa hiyo kitabu hiki ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Kiswahili ambamo mtu alisimulia maisha yake mwenyewe.

Hakuna awezaye kukana kuwa Tippu Tip alijua kusimulia. Maneno yake ni machache, hapambi, hazunguki. Aeleza jinsi alivyoanza safari ndogo akiwa mtoto wa miaka 12, akifanya biashara ya sandarusi. Jinsi alivyofika Tabora, na Tanganyika, na nchi za Manyema. Jinsi alivyopigana na Nsama, mfalme aliyeogopwa na kila mtu, akamshinda. Alikutana na Livingstone mwaka 1867, akamsaidia. Mwaka 1876 alifuatana na Stanley kwa muda katika safari yake ya mto Lualaba. Mwaka 1887 alifanywa wali wa Stanley Falls, mahali ambapo leo ni mji wa Kisangani. Misafara yake na ya wenziwe ndiyo iliyoipeleka lugha ya Kiswahili mbali huko Kongo, na hata leo mamilioni ya watu wa mashariki ya nchi ile huisema.

Kijana alisoma kurasa hizi kwa furaha, mpaka alipofika habari ya Kasongo Rushie. Huyu alikuwa mfalme mzee katika nchi ya bara. Tippu Tip alipata habari kuwa zamani dada za mfalme huyu walitekwa wakachukuliwa mbali, wala hawakuonekana tena. Basi akamwendea akadai kuwa mmoja wa wanawake wale waliopotea ndiye bibi yake, na kwa hiyo yeye ni damu yao. Mzee yule alisadiki, akafurahi, akampa utawala wa nchi yake. Tippu Tip aisimulia hila hii kama mtu asimuliaye mchezo alioshinda.

Hapo kijana alifunga kitabu. Moyo wake uliingia mashaka kwa sababu mbili. Kwanza, alikuwa amecheka. Pili, alikumbuka kuwa katika nyumba yao wenyewe husimuliwa habari za mwanamke aliyechukuliwa mbali na kwao, na ndugu zake hawakupata kumwona tena. Kama mtu angalikuja kwa ndugu zake akasema, "Mimi ni mjukuu wake," wangalilia kwa furaha wao pia, wakampa kila kitu. Hila ile ilifaulu kwa sababu ya majonzi ya mfalme, wala si kwa sababu ya ujinga wake.

Kutoka siku hiyo alisoma polepole, akiwa na kalamu mkononi. Aliona kuwa pembe zimehesabiwa kwa uangalifu, kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35, yaani karibu kilo 16. Akafanya hesabu: frasila 100 za pembe ni karibu kilo 1,600, mpagazi mmoja akichukua frasila mbili, yatakiwa mabega ya watu 50. Na kutoka Manyema hata bahari ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa Wanyamwezi waungwana waliofanya kazi kwa ujira, na wengine walikuwa mateka. Kitabu chataja majina ya matajiri, ya masultani na ya Wazungu. Bali majina ya waliochukua mizigo ni nadra kuyakuta. Basi kijana akaandika upande wa kuume: Hakuna kitabu nilichokisoma mwezi huu kilichosimuliwa vizuri kuliko hiki. Na upande wa kushoto akaandika: Pembe zina hesabu, watu hawana majina.

Juma la tatu lilikuwa la kitabu cha nne, Uhuru wa Watumwa, kilichoandikwa na James Mbotela, kikatolewa mwaka 1934. Mwandishi huyu alikuwa mtoto wa mtu aliyekombolewa utumwani, naye asimulia mambo yaliyowapata watu wa baba yake, Wayao: jinsi walivyotekwa bara, wakafungwa, wakaletwa pwani, wakapakiwa jahazini; na jinsi manowari ya Waingereza ilivyolikamata jahazi, nao wakapata uhuru wakaletwa Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na misheni mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa.

Bibi aliposikia kuwa kitabu hiki ni cha Frere Town, alitaka asomewe, kwa kuwa macho yake yamepungua nguvu. Basi kila jioni mjukuu alisoma kwa sauti, na bibi alisikiliza huku mikono yake ikisuka ukili. Walipofika habari za safari ya kwenda pwani, mikono ilisimama. Walipofika habari za giza na joto la ndani ya jahazi, alisema, "Soma tena hapo." Kijana akasoma tena. Bibi akasema, "Ndivyo walivyokuwa wakisimulia wazee wa jirani zetu. Mwandishi huyu amesema kweli."

Kijana aliandika maneno hayo upande wa kuume, akaongeza ya kwake: kwamba Tippu Tip alisimulia njia ya msafara kwa macho ya mwenye mzigo, na Mbotela ameisimulia njia hiyo hiyo kwa macho ya mzigo wenyewe.

Walakini usiku wa mwisho, kurasa za kuwasifu waokoaji zilipozidi kuwa nyingi, bibi alinyosha mkono kumzuia. "Mjukuu wangu," alisema, "watu wa manowari walikuwako, nami nimecheza na wajukuu zao. Lakini sisi hatukuletwa na manowari. Bibi yangu mimi aliletwa Rabai mgongoni mwa mama yake. Walitoroka shambani huko Takaungu, mchana wakilala kichakani, usiku wakienda, siku tatu. Nani aliyewakomboa? Mbona kitabu chako hakisemi habari za miguu?"

Kijana alikwenda tena kwa mzee, akatafuta katika vitabu vyake vingine, akapata habari hizi. Mwaka 1873 Sayid Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini utumwa wenyewe haukukoma siku hiyo. Katika pwani ya Kenya sheria iliuondoa mwaka 1907 tu. Katika miaka ile ya katikati watumwa wengi walijiokoa kwa kutoroka, na wengi walikimbilia Rabai na misheni nyingine. Mwaka 1888 wenye mashamba walidai warudishiwe watu wao. Ili kuituliza fitina, Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani iliwalipa mabwana fidia, na siku ya 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipewa hati za uhuru. Kijana alipomsomea bibi habari hiyo, bibi alisema neno moja tu: "Fidia alilipwa bwana."

Alipata na mengine ambayo Mbotela hakuyatilia uzito. Wayao, ambao wengi wao waliuzwa, walikuwa pia wafanya biashara mashuhuri wa misafara, na wengine wao waliwauza wenzao. Wala Waarabu na Waswahili hawakuwa wanunuzi pekee. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja aitwaye Morice alifanya mapatano na sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa. Basi upande wa kushoto kijana akaandika: Kitabu hiki chasema kweli juu ya mateso. Juu ya nani mbaya na nani mwema, kimegawa kwa urahisi mno.

Juma la mwisho alisoma Wasifu wa Siti binti Saad, kazi ya Shaaban Robert, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, katika nyumba ya maskini. Husimuliwa kuwa jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Alitembeza vyungu vilivyofinyangwa nyumbani kwao, akiviuza kwa kunadi, na sauti yake ikajulikana kabla ya uso wake. Alihamia mjini, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kutia nyimbo zake katika sahani za santuri. Watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima, na jina lile la kwanza likasahauliwa. Alikufa mwaka 1950.

Kijana alifurahi kumaliza mwezi kwa kitabu hiki. Baada ya pembe, minyororo na manowari, alimkuta mtu mmoja aliyeinuka kwa kipawa chake. Tena Shaaban Robert hupima maneno kama sonara apimaye dhahabu. Hata hivyo upande wa kushoto haukubaki mtupu. Aliona kuwa mwandishi ampenda mno Siti, na kila tendo lake alipa funzo, hata mara nyingine funzo lamfunika mwanamke mwenyewe. Akaandika: Nimeambiwa mara nyingi kuwa alikuwa na sauti nzuri na moyo mzuri. Ningependa kujua alisema nini siku aliyorudi nyumbani na vyungu vyote bila kuuza kimoja.

Siku ya 31 Desemba kijana alivirudisha vitabu vyote vitano. Mzee alivaa miwani, akasoma daftari lote bila kusema neno. Kisha akauliza, "Katika hivi vitano, kipi ni cha uongo?"

Kijana alijibu, "Mzee, ukitoa hadithi ya almasi na zile hekaya, ambazo hazikudai kuwa kweli, hakuna kilicho cha uongo mtupu. Lakini mwamba ngoma huivutia kwake. Tippu Tip ameivuta ngozi upande wa ushujaa wake, Mbotela upande wa waliomwokoa baba yake, Shaaban Robert upande wa adili. Ningalisoma kimoja tu, ningalidhani nimejua."

"Vema," alisema mzee. "Na kipi ulichokipenda kupita vyote?"

Kijana alinyamaza kidogo. "Nilichokipenda ni cha Tippu Tip, na jambo hilo lanisumbua. Ninachokiamini zaidi ni cha Mbotela, ijapokuwa kiliponichosha nilitamani kukiacha. Tamu na kweli si neno moja."

Mzee alifunua ukurasa ambao kijana alikuwa ameandika habari za bibi, zile za kutoka Takaungu hata Rabai. Ukurasa huo haukuwa na mstari katikati. Akauonyesha kwa kidole. "Na hapa je? Bibi yako haambi ngoma?"

Neno hilo lilimchoma kijana, kwa kuwa habari ile aliiona kuwa ni amana ya nyumba, wala haikumpasa mtu kuitilia shaka. Walakini alipokuwa akirudi kwao alifikiri, akaona kuwa mzee amesema haki. Mtu akiwapima wengine kwa mizani, hana budi kuitumia mizani hiyo hiyo nyumbani kwake. Usiku ule aliketi karibu na bibi, akamwuliza kwa upole, "Bibi, katika habari ile ya kutoroka, liko lolote ambalo huwa halisimuliwi?"

Bibi alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Liko. Walikuwa watoto wawili. Mkubwa alikuwa mvulana, ameumwa homa siku hizo, hakuweza kutembea. Mama hakuweza kubeba wawili. Bibi yangu alinieleza mara moja tu, tena alipokuwa karibu na kufa. Watu wetu hupenda kusimulia miguu iliyokwenda. Yule aliyebaki hatumsimulii."

"Jina lake alikuambia?"

"Aliniambia." Akalitaja.

Kijana alichukua daftari, akapiga mstari katikati ya ukurasa, akaliandika jina lile kwa herufi kubwa. Tangu siku zile hapakuwa na mtu aliyeliandika. Wala haijulikani kama mvulana yule alipona homa yake, au kama naye alipata uhuru ulipotangazwa mwaka 1907. Lakini sasa anajulikana kuwa aliishi.

Wanafunzi wasomao habari hizi waweza kufanya kama alivyofanya mwalimu huyu. Daftari haligharimu sana, na mstari mmoja katikati ya ukurasa haumtaabishi mtu. Kitabu chochote kipokewe kama mgeni: kwanza akaribishwe, asikilizwe maneno yake mpaka mwisho, asikatizwe. Akiisha kusema, aulizwe ameona wapi, ameambiwa na nani, na nani aliyekuwapo ambaye hakumtaja. Swali hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, maana mara nyingine jibu lake halimo katika kitabu chochote, nalo limewekwa moyoni mwa mtu mzee aketiye barazani, akingoja aulizwe.